Vipimo Viko Sawa, Lakini Moyo Bado Unaenda Mbio

Karibu kila zahanati inamjua. Anafika asubuhi na mapema akiwa na bahasha ya kaki, na ndani yake mna historia ya mwaka mzima: picha ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, majibu ya utrasaundi ya tumbo, majibu ya malaria na taifodi, kikaratasi chenye presha iliyoandikwa kwa peni. Moyo unamwenda mbio. Tumbo linawaka. Kisogo na mabega vimekaza. Usingizi unakatika saa nane za usiku na haurudi tena. Daktari anapitia karatasi moja baada ya nyingine, anamwambia kila kitu kiko sawa, kisha anaongeza: "Mama, punguza mawazo." Anaondoka na dawa za vidonda vya tumbo, na hofu mpya juu ya zile alizokuja nazo, kwamba huenda ana ugonjwa mkubwa ambao mashine bado hazijauona.

Hakuna aliyemwambia mawazo yanapunguzwaje. Na yeye, kwa upande wake, hakumwambia daktari jambo moja ambalo lingebadilisha mazungumzo yote: kwamba tangu mwaka jana hajapata siku hata moja ya kukaa bila kuogopa kitu. Alieleza mwili, akaiacha hofu nyumbani. Nasisitiza hili mapema kwa sababu ndipo wengi wanapopotezea muda na fedha. Ugonjwa wa wasiwasi unatibika, tena vizuri, lakini hautibiki mradi umefichwa nyuma ya tumbo na presha.

Wasiwasi wenyewe ni jambo la kawaida. Mzazi mwenye ada ya muhula unaofunguliwa Jumatatu ana haki ya kukosa usingizi Jumapili. Anayesubiri majibu ya kipimo, mkulima ambaye mvua zimemchelewea, kijana aliyeitwa kwenye usaili, wote hao wana wasiwasi wenye sababu, na sababu ikiisha nao hupoa. Wataalamu wanapozungumzia ugonjwa wa wasiwasi wa jumla wana maana ya kitu kingine. Ulipewa nafasi yake katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na vigezo vinavyotumika leo ni hivi: mtu ana wasiwasi uliozidi kiasi, kwa siku nyingi zaidi ya zile alizotulia, kwa miezi 6 au zaidi, kuhusu mambo mbalimbali, na akijaribu kuuzuia hawezi. Pamoja na hayo ana dalili angalau tatu kati ya sita: kutotulia, kuchoka upesi, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, kukasirika haraka, misuli kukaza, na usingizi kuharibika.

Angalia namna unavyofanya kazi nyumbani. Mtoto wa kiume anatoka Mbeya kwenda Dar es Salaam kwa basi la alfajiri. Mama yake amempigia stendi, amempigia akifika Makambako. Saa chache baadaye anapiga, simu haipatikani. Mtu mwingine angesema mtandao umekata, akaendelea kupepeta mchele wake. Yeye tayari ameliona basi limepinduka kwenye kona za Kitonga. Ameona umati barabarani, ameanza kujiuliza nani atakwenda kuutambua mwili na nauli ya ndugu itatoka wapi. Mikono inatetemeka, kinywa kimekauka. Anapiga tena na tena, anampigia dada yake, anawasha redio asikie taarifa ya habari. Jioni kijana anapiga: "Shikamoo mama, nimefika salama, simu ilizima chaji." Anamshukuru Mungu kwa machozi. Baada ya robo saa anaanza kuwaza hicho chumba alichofikia kina mlango imara? Na usaili wa kesho akikosa je? Na kile kikohozi alichoondoka nacho?

Hapo ndipo penye alama ya ugonjwa huu. Hofu haikuisha basi lilipofika, imehama chumba tu kama mpangaji. Ndiyo maana kumwondolea mgonjwa sababu moja ya hofu hakumsaidii kwa muda mrefu. Leo ni safari, kesho ni ada, keshokutwa ni uvimbe mdogo wa kwapani. Ndugu wanachoka na kumwita mtu wa kukuza mambo, na yeye mwenyewe anajua kwamba anakuza, lakini kujua hakumsaidii kuacha.

Kwa wanaume sura yake huwa tofauti kidogo. Mwanamume akisema ana hofu anaambiwa ajikaze, kwa hiyo hasemi. Watoto wanamwona baba aliyekuwa mpole sasa anafoka kwa ajili ya kijiko. Anachelewa kurudi kwa sababu bia mbili humtuliza, halafu bia mbili zinakuwa nne. Takwimu zinaonyesha wanawake wanaugua zaidi, na sina sababu ya kuzipinga, ila naamini pia kwamba wanaume wengi wamejificha ndani ya chupa na hasira. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi ya aina zote. Hata ukijiona peke yako mtaani kwako, huko peke yako.

Kipo kipimo rahisi cha karatasi kinachoitwa GAD-7, kilichotolewa mwaka 2006 na daktari Robert Spitzer na wenzake. Kina maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita: umejisikia na wasiwasi mara ngapi, umeshindwa kuuzuia, umehangaikia mambo mengi mno, umeshindwa kupumzika, umeshindwa kutulia mahali pamoja, umeudhika upesi, umeogopa kwamba jambo baya litatokea. Kila swali lina alama kuanzia 0, yaani hata kidogo, mpaka 3, yaani karibu kila siku. Jumla ikiwa 5 wasiwasi ni mdogo, 10 ni wa kati, 15 na kuendelea ni mkali. Ukifika 10, nenda ukaonane na mtaalamu. Tafsiri yake ya Kiswahili imefanyiwa utafiti Kilifi, pwani ya Kenya, kwa watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na ikaonekana inafaa. Ila kipimo hiki hakimpi mtu jina la ugonjwa. Kinamwambia tu kwamba sasa ni wakati wa kuketi na mtu anayejua.

Kabla ya kusema ni wasiwasi, mwili nao upimwe, na upimwe kwa akili badala ya kurudia malaria kila mwezi. Tezi ya shingo inapotoa homoni kupita kiasi humfanya mtu atetemeke, moyo umwende mbio, akonde huku anakula, na ashindwe kuvumilia joto. Mtu huyo anahitaji kipimo cha damu cha tezi, na matibabu yake ni mengine kabisa. Upungufu wa damu nao huufanya moyo uende mbio, hasa kwa mama anayetokwa na damu nyingi ya mwezi. Dawa ya pumu ya kuvuta hutetemesha mikono. Mirungi, kahawa chungu za kijiweni vikombe vitano, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa bodaboda wanavinywa mchana kutwa, vyote huusukuma moyo na kuufukuza usingizi. Mnywaji wa kila siku anapoikosa pombe hutetemeka na kutokwa jasho, naye hudhani ni hofu. Mwambie daktari yote hayo bila aibu. Na hili ni la kushika: maumivu ya kifua yanayobana kama uzito, yanayokwenda mkono au taya, yakiambatana na jasho na kukosa pumzi, usiyaite wasiwasi. Kimbilia hospitali wakaamue wao.

Sasa matibabu. Ziko njia mbili kubwa, mazungumzo na dawa, na mgonjwa anaweza kutumia moja au zote mbili. Nitaanza na mazungumzo kwa sababu ndiyo yasiyoeleweka. Watu wengi hudhani ni kwenda kuliwazwa, na kuliwazwa wameshaliwazwa sana. Tiba yenyewe, inayolenga fikra na tabia, ni kazi. Kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 15, kimoja kwa wiki, na kila kikao kina zoezi la kufanya nyumbani.

Michel Dugas, mtafiti wa Kanada, pamoja na wenzake walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba kiini cha ugonjwa huu ni kutovumilia kutojua. Mgonjwa angekubali habari mbaya kuliko kukaa bila habari. Kwa hiyo anatafuta uhakika: anapiga simu mara sita, anarudi kukagua jiko la gesi, anamuuliza mumewe "una hakika?" usiku kucha, anasoma dalili za kansa kwenye simu mpaka betri inakwisha. Kila anapopata uhakika anatulia kidogo, na utulivu huo mdogo ndio unaomfundisha ubongo kwamba bila kuuliza asingesalimika. Tiba inamfundisha kinyume chake kwa hatua ndogondogo. Yule mama wa Mbeya angeanza hivi: mtoto akiwa safarini, nitapiga mara moja tu, mchana. Kabla ya hapo aandike kwenye daftari anachoamini kitatokea na hofu yake ni ngapi kati ya 10. Jioni aandike kilichotokea kweli. Safari ijayo asipige kabisa, asubiri apigiwe. Hofu itapanda, tena itapanda sana mara ya kwanza, kisha itashuka yenyewe bila simu. Anapaswa kuliona hilo kwa macho yake mwenyewe, kwa sababu maneno yetu hayamwingii.

Daftari hilo lina nguvu kuliko linavyoonekana. Mwaka 2020 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya na wagonjwa 29 wa ugonjwa huu, ambao waliandika hofu zao kwa siku 10 na kisha kuzifuatilia kwa siku 30 waone zipi zimetimia. Zaidi ya tisa katika kila kumi hazikutimia. Na wale waliojionea wenyewe kwamba nyingi hazikutimia ndio waliopata nafuu zaidi. Usimwambie mgonjwa takwimu hii kama hoja ya kumshinda. Mpe daftari, ajihesabie mwenyewe.

Zoezi lingine la nyumbani ni kuupangia wasiwasi saa yake. Thomas Borkovec na wenzake waliliandika mwaka 1983, na hadi leo linatumika kwa sababu halina gharama. Chagua nusu saa, kwa mfano saa kumi na moja jioni, mahali pamoja kila siku, na pasiwe kitandani. Wazo likikujia saa tatu asubuhi, liandike kwa maneno matatu, "ada ya Neema", kisha rudi kwenye kazi iliyo mikononi mwako. Likija tena, jiambie limeshaandikwa. Ikifika saa yake kaa, soma orodha, na jiulize kwa kila moja: kuna kitu ninachoweza kufanya leo au kesho? Kama kipo, andika hatua: nitamwona mwalimu mkuu Jumatano, niombe kulipa kwa awamu mbili. Kama hakipo, kama ni "itakuwaje akipata ajali," liache hapo. Wengi wanakuta orodha ya asubuhi imeshapoteza meno jioni. Siku za mwanzo ni ngumu, mawazo hayapendi foleni. Lifanye kwa wiki kadhaa kabla ya kusema halifai.

Mengine nitayapitia haraka. Pumua polepole, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoingiza. Kaza na kulegeza misuli kundi kwa kundi kuanzia miguuni hadi usoni, njia ambayo daktari Edmund Jacobson aliiandikia kitabu huko Chicago mwaka 1929. Tembea kwa kasi nusu saa siku nyingi za wiki. Lala na kuamka saa ileile, simu iwe mbali na mto. Hayo yote husaidia, na kwa wasiwasi mdogo huenda yakatosha, lakini ukiwa kwenye alama 15 usijilaumu kwamba umetembea na kupumua na bado hujapona.

Kuhusu dawa, kuna hofu nyingi kuliko elimu. Zinazoanzwa nazo leo ni kundi la sertralini, esitalopramu na fluoksetini. Si dawa za usingizi na hazimfanyi mtu kuwa zezeta. Shida yake ni kwamba haziharakishi. Huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, na nguvu yake yote huonekana karibu na wiki ya 6 au ya 8. Kibaya zaidi, wiki ya kwanza zinaweza kuleta kichefuchefu, tumbo kulegea, maumivu ya kichwa, hata wasiwasi wenyewe kuongezeka kidogo. Hapo ndipo wengi wanapozitupa na kumwambia jirani kwamba dawa ya akili ilitaka kuwaua. Daktari mzuri huanza na dozi ndogo na kumweleza mgonjwa hayo mapema. Asipokueleza, muulize. Kwa vijana walio chini ya miaka 25, ndugu awe karibu wiki za mwanzo, kwa sababu wachache hupata mawazo ya kujidhuru, na hayo yaripotiwe siku hiyohiyo. Hamu ya tendo la ndoa nayo inaweza kupungua. Ni jambo la kusema, lina ufumbuzi.

Ukipata nafuu usiache. Zinaendelezwa miezi 6 hadi 12 baada ya nafuu, halafu zinapunguzwa taratibu chini ya uangalizi. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu na hali ya kuhisi umeme kichwani, na mtu hudhani ugonjwa umerudi. Ukiwa mjamzito, unanyonyesha, unatumia tramadoli, dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi, sema kabla hujaandikiwa. Baadhi ya vituo vitakupa amitriptilini kwa kuwa ndiyo iliyopo. Inasaidia baadhi ya watu, ila iwekwe mbali kabisa na watoto, kwani ikizidi huua kwa kuvuruga mapigo ya moyo.

Diazepamu ni kisa kingine, nami naizungumzia kwa ukali. Watu wanaijua kwa jina la Valium na wengine huinunua dirishani bila cheti. Inatuliza ndani ya saa moja, na ndiyo hatari yake. Baada ya wiki chache mwili unaizoea, vidonge vinaongezeka, na atakayeiacha ghafla baada ya matumizi marefu anaweza kupata degedege. Ikichanganywa na pombe inaweza kuzuia pumzi. Mzee anayeitumia huanguka usiku na kuvunjika nyonga. Daktari anaweza kuiandika kwa siku chache kukuvusha kwenye hali ngumu. Ukijikuta unainunua kwa mwezi wa tatu, rudi kwake umweleze, akupunguzie polepole.

Wengi hawaendi kwa sababu wakisikia daktari wa akili wanaziona hospitali za akili za Mirembe, Mathari au Kidongo Chekundu, na wanaona macho ya majirani. Mgonjwa wa wasiwasi hahitaji kuanzia huko. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili, ambako utakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine na kurudi nyumbani mchana. Mahali ambapo mtaalamu hayupo, msaada unaweza kutoka kwa mtu aliyefundishwa vizuri. Zimbabwe wamethibitisha. Daktari Dixon Chibanda, baada ya kumpoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya basi ya kumfikia hospitali, alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, kwa vikao sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na wasaidizi hao walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Huku kwetu wazee wa busara hawajakosekana. Tunachokosa ni kuwafundisha na kuwapa benchi.

Kuhusu maombi na dua sina ugomvi. Kwa wengi ndiyo nguzo iliyowashika mpaka leo, na kusali kwa utulivu humpoza mtu. Ninachoomba kwa viongozi wa dini ni kwamba wasimwambie mgonjwa atupe dawa, na wasimwambie kuwa hofu yake ni ushahidi wa imani haba. Maneno hayo humwongezea hofu mtu ambaye tayari anazo za kutosha.

Wewe unayeishi na mgonjwa, kazi yako ni ngumu kwa sababu huruma yako inaweza kuulisha ugonjwa. Akikuuliza mara ya kwanza, mjibu. Akikuuliza mara ya nne, usimkaripie na usimhakikishie tena. Mwambie kwa upole: "Najua hofu imekushika. Swali hilo tumeshalijibu. Njoo tukatwange hizi karanga." Mkubaliane hivyo siku ametulia, ili asione umemtupa. Mpeleke kliniki, kaa naye nje, na umkumbushe kidonge cha wiki ya pili wakati anataka kuacha. Na kama ameanza kusema hataki tena kuishi, au anaaga watu, usimwache peke yake hata kwa usiku mmoja. Ondoeni dawa za wadudu na vidonge vilivyobaki nyumbani, mpelekeni hospitali siku hiyo.

Na wewe mwenye bahasha ya kaki: safari ijayo, kabla hujaitoa, anza na maneno haya kwa daktari. "Nina hofu karibu kila siku, ni miezi kadhaa sasa, siwezi kuizuia, na inaninyima usingizi. Naomba unisaidie kwa hilo pia." Kama hakusikii, omba rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Ni haki yako.